Uchambuzi wa kisa: Keria iliyovuma na kupiga mluzi juu ya gari la fundi sola

Kisa hiki kimetoka kwenye gereji tunayofanyia kazi, na mwenye gari ameruhusu kielezwe kwa sharti kwamba asitambulike. Jina lake, namba na modeli ya gari, pamoja na gereji alizopitia kabla ya kufika kwetu, nimeviacha. Nakiandika kwa sababu kila mwezi anakuja mtu na tatizo hilihili, na wengi wanakuja wakiwa wameshatumia pesa mahali pasipohusika.

Usuli

Mwenye gari anafunga sola vijijini, kanda ya kaskazini mwa Tanzania. Gari lake ni wagoni ya siti saba iliyotoka Japani ikiwa mtumba, yenye reli mbili ndefu za paa zilizokuja nayo. Siku za kazi linabeba paneli mbili tatu na ngazi ya alumini. Jumapili linabeba mke na watoto.

Reli za paa peke yake hazishiki paneli, zinahitaji vyuma vya kukatiza. Akaenda kwa welda, akatengenezewa vyuma viwili vya bomba la mraba la milimita 40, kila kimoja kikiwa na miguu ya bapa inayofungwa kwa boliti kwenye reli. Chuma cha mbele kiliwekwa karibu kabisa na ukingo wa juu wa kioo cha mbele, ili ngazi ilale vizuri. Vyuma vilitobolewa matundu ya kupitishia boliti za paneli. Ncha za mabomba ziliachwa wazi, na miguu ikakaa chuma kwa chuma juu ya reli.

Kazi ya kuchomelea ilikuwa nzuri. Mishono imeshiba, rangi imekaa, na mzigo haukuyumba hata kwenye makorongo. Hili nalisema mapema kwa sababu watu huchukulia kelele ya upepo kuwa dalili ya kazi mbovu. Upepo haujali chuma kimefungwa kwa nguvu kiasi gani. Unajali umbo lake, mahali kilipo, na kama kina tundu.

Malalamiko

Mjini, kwenye spidi ya kilomita 50 kwa saa kushuka chini, gari lilikuwa kimya. Shida ilianza barabara kuu. Kuanzia 55 hivi ulisikika mluzi mwembamba, unakuja na kukatika. Kati ya 65 na 80 ukaongezeka mvumo mzito wa chini, ule unaosikika kifuani kabla ya masikioni, na ulikuwa mbaya zaidi karibu na 70. Mkewe alikuwa akisema, "Baba, masikio yananiziba," na safari ya Arusha kwenda Dodoma kupitia Babati ni zaidi ya kilomita 400. Walikuwa wakifika wamechoka, vichwa vinauma, redio imepandishwa mpaka mwisho.

Kuna jambo moja aliligundua mwenyewe, na lilitusaidia sana baadaye: akishusha kidogo kioo cha mlango wa nyuma, mvumo ulipungua ingawa kelele ya upepo iliongezeka. Hakuna fundi aliyemuuliza habari hiyo.

Hatua mbili za mwanzo

Gereji ya kwanza ilisikiliza mluzi, ikasema upepo unaingia milangoni. Si wazo la kijinga. Mluzi ulisikika karibu na sikio la dereva, na magari ya umri ule mara nyingi raba za milango zimeshakauka. Zikabadilishwa zote. Barabarani hapakuwa na tofauti yoyote.

Hatua ya pili ilikuwa ya welda. Alijua kwamba keria za dukani huwa na ngao ya kukinga upepo mbele, akakata kipande cha plaibodi na kukisimamisha wima mbele ya chuma cha kwanza, kikiwa kimeachana na paa kwa vidole viwili hivi. Hapo hali ikawa mbaya zaidi. Upepo ulibanwa kwenye ule mwanya na kupita kwa kasi kubwa, ubao ukaanza kupigapiga, na mvumo ukabaki palepale. Akaung'oa kabla hajafika nyumbani.

Ndipo akaja kwetu, na alichotaka ni tumwekee sponji nene kwenye dari.

Kupima kabla ya kugusa

Tulimwomba asubiri na sponji. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuvua keria nzima na kwenda barabarani bila kitu juu ya paa. Miguu minne inafunguka haraka kuliko kava la mlango mmoja, na jibu lake halina utata: kelele ikiisha, raba, kioo na saitimira zote zimesamehewa kwa mara moja.

Tulitumia kipande cha Makuyuni kwenda Minjingu, ambacho ni tambarare na kimenyooka. Tulikwenda asubuhi na mapema kabla upepo wa bondeni haujaamka, tukapita kila jaribio kwenda na kurudi ili upepo mdogo uliokuwepo usitudanganye. Vioo vilifungwa, feni na redio vilizimwa. Spidi tuliichukua kwenye GPS ya simu, kwa sababu mita ya gari kwa kawaida husoma juu kidogo ya spidi halisi. Mwenye gari aliendesha tu. Kusikiliza na kushika simu ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Pale kuna ng'ombe wa wafugaji na wakati mwingine wanyamapori wanaokatiza, dereva hana ruhusa ya kuwa na akili mbili.

Bila keria, gari lilikuwa kimya, ukiacha mlio wa matairi. Hapo tuliacha kabisa habari ya milango.

Tukarudisha keria kama ilivyokuwa, tukawasha programu ya simu inayochora sauti kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Kwenye 60, mvumo ulionyesha kilele karibu na hezi 65. Kwenye 80 kilele kilisogea mpaka karibu na hezi 88. Mluzi ulifanya tofauti kabisa: uliibuka kwenye spidi fulani, ukakaa na sauti yake ileile, ukapotea, kisha ukaruka na kutokea juu zaidi.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha kisa chote. Sauti inayopanda taratibu sambamba na spidi na sauti inayong'ang'ania mahali pamoja kisha ikaruka haziwezi kuwa na chanzo kimoja. Gari lile lilikuwa na matatizo mawili, na kila aliyelishika kabla yetu alitafuta dawa moja.

Mluzi ulikotoka

Chupa tupu ukiipuliza kwa juu inalia, na sauti yake inategemea ukubwa wa chupa kuliko nguvu ya pumzi yako. Bomba lenye ncha wazi na matundu mgongoni hufanya vilevile. Upepo ukipita juu ya tundu, hewa iliyo ndani ya bomba inaanza kucheza, na inacheza kwa sauti inayolingana na urefu wa bomba na ukubwa wa tundu. Ndiyo maana mluzi haukupanda pole pole.

Jaribio lilikuwa rahisi mno. Tulichukua maskingitepu ya wapaka rangi, tukaziba ncha zote nne na matundu yote. Mluzi ukaisha papo hapo, na mwenye gari alicheka peke yake mpaka Minjingu. Kisha tukaanza kubandua tepu kidogo kidogo ili kujua mkosaji. Ncha wazi zilichangia, lakini waliokuwa wakilia zaidi ni matundu mawili ya juu kwenye chuma cha mbele, upande wa dereva. Upande huohuo ndiko gereji ya kwanza iliposikia "mlango".

Mvumo ulikotoka

Upepo ukipita kwenye bomba hauungani vizuri nyuma yake. Unaachia vimbunga vidogo, kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu, na kila kimoja kinalisukuma bomba na hewa ya jirani. Mwanafizikia wa Kicheki, Vincenc Strouhal, alipima milio ya nyaya zinazokata hewa mwaka 1878 na kuonyesha kwamba sauti hupanda kadiri kasi inavyopanda na hushuka kadiri unene unavyoongezeka. Kwa bomba la duara, zidisha kasi ya upepo kwa 0.2 kisha gawa kwa kipenyo. Kwa bomba la mraba namba hiyo ni karibu 0.13.

Tukaifanya hesabu mbele ya mwenye gari. Spidi ya 80 ni mita 22 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.13, gawa kwa mita 0.04, unapata hezi 72. Simu ilisema 88. Tofauti hiyo inaeleweka: upepo uliopanda kioo cha mbele unapofika ukingo wa paa unakuwa umeongeza kasi kupita gari lenyewe, na chuma cha mbele kilikuwa kimewekwa palepale penye kasi hiyo.

Kwa nini basi 70 ilikuwa mbaya kuliko 80? Kwa sababu chumba cha gari nacho kina sauti yake. Chumba chenye urefu wa mita mbili na ushei kinaitikia sauti ya hezi sabini na kitu, maana nusu ya wimbi lake inaenea vizuri kutoka dashibodi hadi mlango wa nyuma. Kwenye 70 keria ilikuwa ikitoa sauti hiyohiyo, na chumba kikaikuza. Ndiyo maana kushusha kioo kidogo kulileta nafuu: chumba kilikuwa kimebadilishwa.

Hapa pia ndipo sponji ya dari ilipokataliwa. Sauti ya hezi 80 ina wimbi la urefu wa zaidi ya mita nne. Sponji ya sentimita mbili hailizuii. Angelipa, dari ingependeza, na masikio yangeendelea kuziba.

Tulichoamua, na kwa nini

Mluzi haukuhitaji mjadala. Ncha zilifungwa kwa plagi za plastiki za mabomba ya mraba, zile zinazouzwa kwa ajili ya miguu ya meza, zikatiwa silikoni. Matundu yalizibwa kwa raba. Upande wa chini wa kila bomba tuliacha kitundu kidogo kimoja cha kutolea maji, kwa sababu bomba lililozibwa kila mahali huoza kutoka ndani bila mtu kujua. Chini hakikupiga mluzi.

Kwenye mvumo kulikuwa na mabishano ya kweli. Njia bora ni kuachana na bomba la mraba na kuweka vyuma vya alumini vyenye umbo la bawa, mbele mviringo na nyuma pamechongoka. Wengi hudhani ncha kali ndiyo inayotakiwa kuelekea mbele. Ni kinyume chake: upepo hauna shida kugawanyika, shida yake ni kuungana tena nyuma, na mkia mwembamba ndio unaousaidia. Mwenye gari alikataa njia hiyo kwa hoja nzito. Vyuma vile ni ghali, huagizwa, na klampu za paneli zake zisingekaa. Gari lile ni kitega uchumi chake.

Tukabaki na mambo manne. Kwanza, chuma cha mbele kilirudishwa nyuma kwa sentimita 20, kitoke kwenye upepo wa kasi. Hili lilikuwa na gharama: matundu ya paneli hayakulingana tena, ikabidi paneli zishikwe kwa klampu badala ya boliti. Pili, kamba ya nailoni ya milimita 5 ilizungushwa kwenye vyuma vyote viwili kama nyoka, mzunguko mmoja kila sentimita 20, ikafungwa kwa nguvu kila mwisho. Kamba inavunja umoja wa vile vimbunga, visiachie kwa wakati mmoja urefu mzima wa chuma. Mabomba ya moshi ya chuma kwenye viwanda huwekewa mapezi ya kuzunguka kwa sababu hiyohiyo, ili upepo usiyatikise.

Tatu, ngao mpya, ya bati la alumini safari hii. Ililazwa kuelekea nyuma badala ya kusimamishwa, ukingo wa chini ukavishwa raba na kugusa paa kabisa bila mwanya, na ukingo wa juu ukafika juu kidogo ya chuma cha mbele. Nne, chini ya miguu tuliweka vipande vya mpira wa tyubu, kwa sababu ukiweka kiganja kwenye dari ulisikia mtetemo ukipita kutoka kwenye reli.

Tuliviweka kimoja kimoja, na kila kimoja kilipimwa kwenye barabara ileile. Mwenye gari aliona tunapoteza muda. Lakini ukifunga vyote kwa siku moja, huwezi kujua kipi cha kuondoa pale kinapoharibika.

Matokeo

Mluzi uliisha kabisa. Mvumo wa 70, ukisomwa kwa simu ileile iliyokaa mahali palepale, ulishuka kwa desibeli 10 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kilele chake kikatawanyika badala ya kusimama kama mwiba. Familia inaongea ndani ya gari bila kupaza sauti.

Haikuwa kimya kamili. Alasiri, upepo wa ubavu unapovuma uwanda ule, mvumo unarudi kwa kiasi, kwa sababu unazunguka ngao na kukipiga chuma kwa pembeni. Na juu ya 90 kuna mngurumo wa jumla ambao keria yoyote ya kazi itautoa. Hapo tulimweleza ukweli kuhusu mguu wake: kelele ya aina hii hukua kwa kipeo cha sita cha kasi, yaani kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, sita kwa pamoja. Ukitoka 100 kushuka 80, nguvu ya sauti inabaki kama robo. Hakuna ngao tunayoweza kukunja inayofikia hapo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Katika yale manne, kurudisha chuma nyuma na ile ngao ndivyo vilivyoleta sehemu kubwa ya nafuu. Kamba ilisaidia, ila chini ya tulivyotarajia, na sababu yake inajulikana. Kwenye bomba la duara, upepo unaachia popote unapotaka, kwa hiyo kamba ina nafasi ya kuuvuruga. Kwenye bomba la mraba kona ndizo zinazoamua, na kamba inabaki kusumbuasumbua tu. Mwenye keria ya mabomba ya duara aanze na kamba kabla ya jambo lolote, ni rahisi na anaweza kuifunga mwenyewe. Mpira wa tyubu ulituliza dari lakini sikioni haukubadilisha kitu cha maana. Ninaupenda hata hivyo kwa kuwa unalinda reli. Boliti zikague na kuzikaza upya baada ya safari ya kwanza, maana mpira hujibana.

Kilichoshindikana ni ushauri wetu wa kuvua keria siku zisizo za kazi. Kwenye karatasi ulikuwa ushauri bora kupita yote, kwani keria tupu haina faida yoyote na inakula mafuta. Alifanya hivyo kwa muda, akaacha. Boliti nane za kufungua kwa spana, kisha utafute mahali pa kuficha vyuma visiibiwe, si jambo la kumwambia mtu aliyerudi saa mbili usiku kutoka kijijini. Tungetaka avue, tungepaswa kumtengenezea miguu ya kufungua kwa mkono yenye kufuli, na hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwenye daftari letu.

Gereji ya raba siilaumu kwa kukosea. Ninalaumu mpangilio wa kazi: walinunua spea kabla ya kuuliza kelele inaanzia spidi gani, inapandaje, na nini kinaipunguza. Maswali hayo matatu hayana gharama, na la tatu mwenye gari alikuwa na jibu lake tayari.

Mluzi uliporudi

Wiki kadhaa baadaye alipiga simu: "Fundi, umerudi." Tulimwomba aeleze tu. Mluzi, unang'ang'ania sauti moja, unaruka. Keria ilikuwa na mzigo? Ndiyo, ngazi. Jana bila ngazi? Kimya.

Vipandio vya ngazi ya alumini mara nyingi ni mabomba matupu yaliyo wazi pande zote mbili, na ngazi ile ilikuwa na kumi na vitatu. Alikata sponji ya godoro vipande vidogo, akavisokomeza kwenye ncha za vipandio, akaenda Babati na kurudi.